Mshipi Unaotakiwa Kukatika

Mwanangu Anjela, siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Uji haukuwa wako. Ulikuwa wa Gaudensia, jirani yetu, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka hospitali Mpanda bila mkono wa kulia. Ulikatwa juu kidogo ya kifundo, bandeji imepanda mpaka kwenye kiwiko, na yeye mwenyewe alikuwa hajazoea. Kila mtoto wake mchanga alipolia, Gaudensia aliunyoosha ule mkono kumchukua, halafu akaurudisha taratibu.

Ndipo akaingia Mama Sabina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wavuvi. Alisalimia vizuri. Akatoa pole. Akakaa kwenye kigoda, akaangalia ukuta, akakohoa, kisha akasema maneno haya, nakuandikia yalivyotoka:

"Sasa dada Gaudensia, ule mshipi wa kikundi na ndoano yake, viliopolewa? Maana zamu ya Jumatatu tuna upungufu."

Gaudensia aligeuza macho akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa sababu mshipi ule niliufunga mimi.

Bakuli sikulitupa. Nililiweka chini, nikafuta vidole kwenye kitenge, nikasema, "Mama Sabina, inuka utoke."

"He! Mimi nauliza kwa wema tu, mbona unakuwa mkali?"

"Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni mkubwa kwangu."

Alitoka. Alipofika mlangoni akasema nimelewa elimu ya sekondari. Elimu yenyewe ni ya kidato cha nne, tena cha kuponea chupuchupu, sasa sijui ni elimu gani hiyo ya kulewesha mtu.

Nakuandikia haya ukiwa na miaka mitano. Utakapoyasoma utakuwa umeshasikia ya watu. Watakwambia mama yako aliingiwa na wazimu akakatakata mali ya kikundi. Kukata nilikata. Wazimu sikuwa nao. Lakini ili uelewe nilichokata, lazima nikurudishe nyuma, wakati mimi mwenyewe ni binti wa kidato cha pili, mjuaji, mbishi, kila kitu nakijua mimi.

Likizo nilikuwa nakuja huku kwa shangazi yangu Yustina, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Usevya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Wanaume walikuwa wanavua kwa nyavu, yeye alivua kwa mshipi, tangu kabla mimi sijazaliwa, na hakuna siku nyumba yake ilikosa kitoweo. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga, na hakunifundisha kwa upole.

Mshipi wake ulianza na nailoni nene iliyozungushiwa kipande cha mti. Mbele ya hiyo nene alikuwa anaunga nailoni nyembamba sana, urefu wa pima moja, yaani kutoka ncha ya kidole cha mkono huu mpaka cha mkono ule ukiwa umeitanua. Hiyo nyembamba aliiita mkia. Ndoano inakaa mwisho wa mkia, na shubiri moja juu ya ndoano anaweka nati ndogo ya baiskeli ili chambo kizame. Chambo chenyewe walikuwa watoto wa kereng'ende, wale wadudu wa rangi ya tope wanaoishi chini ya mawe na kwenye majani ya majini kabla hawajaota mabawa. Perege anawapenda hao kuliko minyoo. Ila perege ana macho. Mdudu akifungwa kwenye uzi mnene anakakamaa, hachezi, perege anamzunguka mara moja anaondoka zake. Kwenye mkia mwembamba mdudu anayumbayumba na maji kana kwamba hakushikwa na mtu.

Halafu kuna chelezo, kile kinachoelea juu na kukuambia chini kuna nini. Cha shangazi kilikuwa kiini cheupe cha bua la mahindi lililokauka, kipande cha ukubwa wa dole gumba, kimetobolewa katikati kikapitishwa uzi, kikabanwa kwa njiti ya kiberiti ili uweze kukisogeza maji yakipungua au yakiongezeka. Juu yake alichomeka unyoya wa kanga. Unyoya ule ulionekana kutoka mbali, na ndiyo maana yake, kwa sababu shangazi hakuruhusu mtu akaribie maji. Hatua kumi kutoka ukingoni. Ukifika ya tisa unaitwa kwa ukali jina lako la ubatizo.

"Soma chelezo," alikuwa ananiambia. "Hiyo ndiyo shule."

Nikajifunza. Perege akichokoa, unyoya unatikisika kidogo kidogo, kama kichwa cha mzee anayesinzia kanisani. Kambale hana adabu hizo, anakivuta chelezo kinazama moja kwa moja. Na kama samaki walikuwa wanachokoa vizuri, halafu ghafla unyoya ukasimama kimya, shangazi hakungoja maelezo. Alisema neno moja tu: "Kunja." Tunakunja mishipi, tunaondoka. Mto wetu una mamba, mwanangu, hilo unalijua tangu unajifunza kutembea. Samaki wanamwona kabla yetu.

Sasa kosa langu. Mkia mwembamba una kero yake, unakatika. Ukinasa kwenye kisiki, umekatika. Kambale mkubwa akijipinda, umekatika na ndoano imekwenda. Siku moja nilipoteza ndoano tatu kabla ya saa nne asubuhi, na wasichana wenzangu wakanicheka wee mpaka nikaona haya. Nikarudi nyumbani nimenuna. Kwenye stoo ya shangazi kulikuwa na uzi wa kushonea magunia ya mpunga, ule mweupe uliosokotwa. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, haukatiki. Nikaukanyaga nikavuta kwa mikono miwili, ukanikata kidole lakini wenyewe haukukatika. Nikafurahi! Nikaufanya mkia. Kesho yake nikaenda mtoni bila kumwambia, nikauzungushia mshipi mara tatu kwenye kifundo cha mkono ili nisiteleze, na nikatoa kambale wa kubeba begani.

Nilivyoingia uani na yule kambale, nilitegemea vigelegele. Shangazi hata samaki hakumtazama. Alishika mkia wa mshipi.

"Huu ndiyo nini?"

"Uzi wa magunia, shangazi. Haukatiki."

"Haukatiki." Alirudia taratibu. Akaona na alama tatu nyekundu kwenye kifundo changu. "Twende."

Tulikwenda kwa jirani, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. Alikuwa anakamua.

"Masanja, niazime ndama dume."

"Wa kula au wa mahari?"

"Wa kufundishia."

"Yesu wangu, siku hizi ndama wangu ni mwalimu! Basi mshahara wake pumba debe moja."

Shangazi hakucheka. Alifunga ule uzi wa magunia kwenye shingo ya ndama, akachukua upande wa pili akanizungushia kifundoni mara tatu, vilevile nilivyofanya mtoni. Halafu akampiga ndama kofi la kiuno.

Mwanangu, nilikokotwa. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mashina na tope. Nilikwenda kwa magoti, nikaenda kwa tumbo, nikaenda na uso. Watoto wa Masanja walinikimbilia nyuma wakipiga kelele za furaha, na shangazi alitembea kando haraka haraka akiniuliza, "Kata basi! Si una nguvu? Kata!" Sikuweza kukata. Sikuweza hata kufungua, kwa sababu uzi ukivutwa unajikaza wenyewe. Mpaka Masanja mwenyewe alipomshika ndama masikio.

Nikasimama nalia, tope mpaka kwenye meno. Nilidhani yameisha. Shangazi akatoa mfukoni nailoni nyembamba, akaiunga mwishoni mwa mshipi mnene, akamfunga ndama tena. Kofi. Ndama akaruka, nikasikia pa! Yeye huyo anakwenda, na mimi nimesimama palepale na mshipi mkononi.

Mzee Masanja akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, huyu ana miezi minane tu na bado ananyonya. Yule wa mtoni umri wake hata shangazi yako hamfikii."

Na shangazi akasema, "Mkia tunaufunga ili ukatike. Ukishindwa kuukata wewe mwenyewe kwa mikono yako, ukiwa umeiviringishia kitenge, basi huo sio mkia, hiyo ni kamba na wewe ndiye uliyefungwa. Ndoano nitakwenda dukani nitaleta nyingine. Wewe nikakulete kutoka duka gani?"

Shangazi alifariki mwaka ule niliokuzaa. Najua aliniachia maneno hayo niyatunze, na sasa nakuambia nilivyoyatunza.

Kikundi chetu kilianza baada ya wewe kuacha kunyonya. Tuko akina mama kumi na wawili, na tunavua kwa zamu. Nusu yetu hawakukulia mtoni. Wapo waliokuja na waume zao na ng'ombe, na yupo Gaudensia, aliyezaliwa milimani Mwese akaolewa huku. Kwa Gaudensia mto ulikuwa ni mahali pa kuchota maji na kurudi. Mimi nikachaguliwa kuwa fundi wa kufunga mishipi. Nilijisikia, siwezi kukuficha. Fundi anapata samaki mmoja zaidi kila zamu, na nyie hapa nyumbani mlikula samaki huyo.

Ndoano zetu zinaletwa na boda boda kutoka Mpanda, na kuna wiki hazipatikani. Mama Sabina akachoka kusikia ndoano zimepotea. Akaweka sheria: anayerudi bila ndoano anakaa nje zamu mbili. Zamu mbili bila kitoweo kwa mwanamke mwenye watoto wanne si mchezo. Wanawake wakaanza kuingia majini mpaka magotini kunasua ndoano kwenye visiki. Ndipo Mama Sabina akanijia.

"Mama Anjela, we ndiye umesoma. Tufungie mikia isiyokatika basi, watu wasihangaike."

"Shangazi yangu alikuwa anasema mkia lazima ukatike. Kuna mamba."

"Shangazi yako alikuwa anavua peke yake, akipoteza anapoteza chake. Hapa ni kikundi."

Nikasema tena mara ya pili, kwenye kikao. Mmoja akatania kwamba nataka ndoano ziishe ili nibaki kuuza utaalamu. Wakacheka. Mara ya tatu sikusema. Hakuna aliyeniziba mdomo, mwanangu. Nilifikiria yule samaki mmoja, nikafikiria kuitwa mbishi, nikachukua uzi wa magunia nikafunga mikia kumi na miwili. Vizuri kabisa. Fundo langu halifunguki.

Hata vyelezo nilivibadilisha. Uzi mzito unakizamisha kiini cha bua, kwa hiyo nilikata soli za kandambili za zamani, rangi ya kahawia, bila unyoya, kwa sababu unyoya unashika upepo. Havikuonekana kwa mbali. Kina mama wakasogea. Hatua kumi zikawa sita, zikawa tatu. Niliziona zikipungua.

Siku ile ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshatoka vizuri. Tulikuwa watano. Perege walikuwa wanachokoa, tunaitana, tunataniana. Gaudensia alikuwa anasimulia jinsi mama mkwe wake alivyomficha mumewe chungu cha mboga, tunacheka. Halafu chelezo changu kikasimama. Nikatazama cha Gaudensia, kimesimama. Cha Mama Sabina, kimesimama.

Nikasema, "Jamani, tukunje."

Nilisema kinyonge, kama mtu anayeomba chumvi.

"Saa nne hii?" Mama Sabina akasema. "Tukunje na ndoo tupu? Wewe nenda, umechoka kulea."

Gaudensia akanicheka, "Mmoja tu Mama Anjela, wa mume, nikamzibe mdomo mama yake." Na chelezo chake kikazama moja kwa moja.

Alikuwa amezungushia mshipi kifundoni. Wote walikuwa wanazungusha, kwa sababu ya sheria ile, usiteleze ukapoteza. Alimvuta kambale mpaka tukamwona mgongo. Halafu maji yakainuka, kambale hayupo, na Gaudensia alikuwa amelala kifudifudi anakwenda. Hakupiga kelele. Nilimshika mguu mmoja, mwenzetu mmoja akamshika kitenge, kitenge kikabaki mikononi mwake. Kichwa chake kilikuwa kimeshaingia majini. Tulivuta na yule mamba naye alivuta, na katikati ulikuwa ule uzi. Uzi haukukatika. Ulikata nyama ukafika kwenye mfupa ukasimama hapo, mpaka dada mmoja alipokuja na panga la kukatia matete akaupiga.

Maji yakatulia. Kuna mtu alikuwa anasema Mungu wangu, Mungu wangu, baadaye nikagundua ni mimi.

Kwa hiyo Mama Sabina alipouliza kama ndoano iliopolewa, unaelewa sasa kwa nini nililiweka bakuli chini. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, ndiyo. Ila sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nilipomtoa nje, Gaudensia aliniambia, "Umemfukuza bure. Si kosa lake, ni bahati yangu mbaya. Uzi ulinikaza tu."

Mtoto wake nilikuwa nimempakata mimi. Nikasema, "Si bahati. Uzi ule haukutakiwa kuwekwa pale. Nilifundishwa nikiwa binti, nilionyeshwa kwa mwili wangu. Nilijua wakati naufunga."

Akauangalia mkono wake wenye bandeji. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nipe mtoto wangu," akasema. Akamchukua kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya, kichwa kinaning'inia, na hakutaka nimsaidie. Akageukia ukutani. Nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Sabina na wembe. Mishipi inatunzwa kwake kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nilikaa katikati ya uwanja wake, jua la saa nane, nikakata mikia yote kumi na mmoja iliyobaki, mmoja mmoja. Majirani wakakusanyika, Mama Sabina akapaza sauti:

"Mnaona! Anaharibu mali ya kikundi! Mashahidi nyie!"

"Ningeiharibu mapema Gaudensia angekuwa anasuka nywele sasa hivi."

"Si ulifunga mwenyewe? Kwa mikono yako? Leo unajifanya malaika!"

Hapo alinipata. Watu wote waliniangalia, na mwanangu, nilitamani kusema yeye ndiye aliyenilazimisha. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Nilifunga mimi. Na nitakwenda kusema hivyo hivyo."

Mtendaji wa kijiji alinisikiliza akiwa anachaji simu yake. Akasema malalamiko ya mdomo yeye hapokei, niandike. Nikarudi nyumbani, nikaandika wewe ukiwa umelala kwenye mkeka pembeni yangu. Baba yako alisoma, akasema nitoe jina langu kwenye orodha ya wanaolalamikiwa. "Unajifunga mwenyewe," alisema. "Ndugu wa Gaudensia wakisikia tutaishi wapi?" Tunasalimiana na ndugu hao wakipenda, na siku nyingine hawapendi. Zamu ya uvuvi sina tena. Umeona mwenyewe tunavyokula mlenda.

Nilipopeleka barua, mtendaji naye akanyoosha kidole palepale.

"Mama Anjela, hapa umekosea. Mlalamikaji hawezi akawa tena ndiye mlalamikiwa. Utaratibu huo haupo. Futa mstari huu nikupigie muhuri."

"Na utaratibu wa mkono kuota upya upo?"

"Usinijibu hivyo, mimi ni ofisi."

"Piga muhuri, ofisi."

Akapiga.

Mwanangu, mimi sina mvi na sijafika umri wa kukalishwa mbele za watu nitoe nasaha. Lakini aliyenipa hizi yuko kaburini, na kama nikingoja nizeeke ndipo nikuambie, mto hautaningoja. Ukifunga mshipi, uvute mkia kwa mikono yako miwili kabla hujautupa. Usipokatika, usivue nao, hata kama ndoano ni ya mwisho nyumbani. Chelezo chako kionekane ukiwa umesimama mbali, maana kinachokulazimisha usogee ili ukione hakikusaidii. Usizungushe mshipi mkononi. Unyoya ukisimama, sema "Kunja" kwa sauti ya mtu anayemuita mwizi, wacheke, wakimaliza kucheka wako hai. Na kitu ukikijua, halafu watu wakakucheka ukisema mara mbili, sema mara ya tatu. Mimi mara ya tatu ndiyo niliyoiacha, na nafsi yangu haijapumzika tangu hapo.

Mungu akupe mikono miwili mpaka uzeeni, Anjela. Akupe ulimi usioogopa kikao. Akuepushe na kujua halafu ukanyamaza. Na uwe na shangazi mkali.

Barua niliyopeleka ni hii, sikubadilisha neno.

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MISHIPI YA KIKUNDI CHA AKINA MAMA WAVUVI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi tajwa na fundi wa kufunga mishipi yake. Nawalalamikia watu wawili.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa kikundi, kwa kuweka sheria ya kumuondoa kwenye zamu mwanachama anayepoteza ndoano, na kwa kuagiza mikia ya mishipi ifungwe kwa uzi wa magunia usiokatika, baada ya kuelezwa mara mbili kwamba mto una mamba.

Wa pili ni mimi. Nilijua hatari ya uzi huo tangu nikiwa mwanafunzi, na nikaufunga. Siku ya tukio niliona vyelezo vimetulia, nikajua maana yake, na sikupaza sauti. Wengine walioifunga mishipi ile mikononi hawakujua. Mimi nilijua.

Naomba ofisi yako isimamie yafuatayo. Sheria ya ndoano ifutwe mbele ya wanachama wote. Kila mwanachama afundishwe kufunga mshipi wake mwenyewe na aujaribu mkia wake kwa kuukata kabla ya kuingia zamu. Pasivuliwe chini ya hatua kumi kutoka ukingoni. Mwanachama yeyote akisema "Kunja", wote wakunje, na asiulizwe saa ngapi. Gaudensia aendelee kuwa mwanachama, na mgao wake upelekwe nyumbani kwake kila zamu. Mimi niondolewe ufundi.

Mishipi kumi na mmoja niliyoikata nitaifunga upya kwa nailoni nyembamba, kama kikundi kitakubali kuipokea kutoka kwangu.

Nilimsomea Gaudensia barua hii yote kabla ya kuileta. Aliniambia nirudie kusoma sehemu inayonihusu mimi, nikarudia. Saini yake alikuwa anaiweka kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hapo chini ameweka dole gumba la kushoto. Amesema niandike kwamba anayaunga mkono malalamiko yote mawili.